Hakuna Anayemkana Ng'ombe Wake

Mbwa wa jirani ameniharibia asubuhi ya kwanza ya msimu wa kulungu, na nimeshuka kutoka porini nikimsifu jirani huyo. Najua baadhi yenu mtakasirika mkifika katikati ya maelezo haya. Kasirikeni, lakini someni hadi mwisho.

Mimi na shemeji yangu tuna ekari 40 za msitu katika wilaya ya Pine, kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ardhi ya huku ilipimwa zamani kwa miraba: mraba mkubwa wa ekari 640 hukatwa vipande 16, kila kimoja ekari 40, na ndivyo misitu inavyouzwa mpaka leo. Mpaka wetu umenyooka kama uzi, unakata kinamasi, unakata kijito, haujali kitu. Mbwa hana habari na mpaka huo. Jumamosi ya ufunguzi, mapema Novemba, nilikuwa juu ya dungu tangu kiza, na vesti yangu ya rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka, vidole vimekufa ganzi. Jike akatoka kwenye misonobari, nyuma yake dume mwenye pembe pana. Hajanigeuzia ubavu bado, likaja lile jimbwa jeusi likibweka, na wote wakatoweka. Nilikuwa nimeibadilishia zamu za kazini asubuhi ile. Nilitetemeka kwa hasira kuliko kwa baridi.

Haikupita nusu saa, simu ikaita. Mwenye mbwa. Hakuniuliza kama nimemwona, alianza kwa kusema mbwa wake amekata kamba, alama za miguu zinaingia kwangu, naomba ruhusa nije nimchukue. Akaja kwa miguu, mikono mitupu, bila bunduki, amevaa rangi ya chungwa naye. Akamfunga mbwa, akaniomba radhi, akaondoka. Jioni akarudi na mkewe kuuliza nimepoteza nini, na akanipa dungu lake lililo ukingoni mwa shamba la mahindi nilitumie Jumapili.

Sasa msiniambie kwamba Wazungu ni malaika. Mzee huyu tulikuwa tukipungiana mikono tu barabarani, mpaka mbwa alipotukutanisha. Wengine hapa wametundika vibao vya kukataza watu kila baada ya miti kadhaa, na ukivuka unaweza kufikishwa mahakamani. Hilo linanichosha. Kule kwetu Handeni, Tanzania, mtoto anamfuata kanga akavuka mashamba ya watu wanane, na kila shamba anaamkia, anaulizwa hali ya mama yake, anapewa muwa. Ukarimu ule siubadilishi na ekari zozote za Minnesota.

Nisemalo ni moja. Hapa mbwa ana mwenyewe hata anapokosa. Kwetu mbwa ana mwenyewe usiku, akilinda boma. Asubuhi akikutwa na manyoya ya kuku mdomoni, hana mwenyewe.

Sheria ya jimbo hili imeingia mpaka kwenye mambo haya. Mtu akimfuata mbwa wake wa kuwindia anaweza kuingia kwa miguu katika ardhi ya mwenzake bila ruhusa, amchukue, na aondoke hapo hapo. Kuwinda kulungu kwa kutumia mbwa ni marufuku. Mbwa anayemfukuza kulungu kwa namna ya kumhatarisha, raia wa kawaida anaruhusiwa kumuua kati ya tarehe 1 Januari na 14 Julai tu. Miezi mingine hiyo ni kazi ya askari. Nilipouliza sababu ya tarehe hizo nilielewa mara moja. Kwenye theluji iliyoganda juu, mbwa hukimbia bila kuzama, kulungu huzama kwato mpaka tumboni. Na majike wakati huo wana mimba, kisha huzaa kuelekea Juni. Basi mimi na bunduki yangu mkononi mwezi Novemba sikuwa na haki ya kumgusa mbwa yule, na nashukuru, kwa sababu hasira ya asubuhi ile ingetuachia uadui wa miaka.

Ndugu yangu mmoja ameshaniandikia: "Umepata makaratasi, sasa unatufundisha kufuga." Kaka, mimi nimekulia juu ya dungu. Nimelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na ngedere tangu sijaota jino la pili, na mbwa wa mjomba ndio waliokuwa jeshi letu. Wasiposikika usiku, asubuhi nusu shamba limelala chini. Simdharau mbwa wa kwetu, wala mfugaji wake. Ninachodai ni kwamba anayefaidika na mbwa usiku asimkane mchana.

Mwingine atasema huko kuna pesa, mbwa ana daktari, ana kibati shingoni chenye namba ya simu. Ni kweli. Lakini kuomba radhi kunauzwa duka gani? Na kijijini nani hajui mbwa yupi ni wa nani? Tunawajua kwa majina na kwa mama zao!

Hoja ya umaskini naikataa kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya mtu, utaratibu tunao na unafanya kazi. Mwenyekiti wa kitongoji anaitwa, bwana shamba anakagua hasara, watu wanakaa, wanabishana mpaka adhuhuri, mwenye ng'ombe analipa. Anaweza kulipa kwa kununa, lakini analipa. Hakuna anayemkana ng'ombe wake, maana akimkana atampoteza. Mbwa hana bei, kwa hiyo kumkana hakugharimu kitu, na hasara yote inamwangukia aliyeliwa mbuzi. Tabia ya kubeba lawama tunayo. Tumeamua tu mnyama gani anastahili kubebewa.

Hapo mimi nakosa subira, kwa sababu jambo lenyewe haliishii kwenye mbuzi. Mtoto akiumwa na mbwa, swali la kwanza zahanati ni mbwa wa nani na kama amechanjwa. Kimya. Anayejitokeza ataambiwa achangie sindano, basi hajitokezi mtu, na familia inauza kilicho ndani kutafuta chanjo mjini. Wengine wanachelewa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Na si kwamba hatuwezi: Pemba imeonyesha kwamba mbwa wakichanjwa kwa wingi ugonjwa huu unatokomezwa kisiwa kizima. Hao ni watu wetu, si Marekani. Bwana mifugo anapokuja na sindano za bure, mbwa anapelekwa na mwenyewe. Asiye na mwenyewe nani atampeleka?

Ustadhi mmoja ataniuliza nimeanza lini kuwatetea mbwa. Nimelelewa nyumba ambayo chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, na watoto wangu nawalea hivyo hivyo. Lakini Surat al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa na mwenyewe, likitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Aliyefunzwa ana aliyemfunza. Sijaongeza neno langu.

Na wale watakaosema mimi nimekalia ardhi ya kuporwa, mna haki ya kusema. Eneo hili lilitwaliwa kutoka kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, kwa mkataba wa 1837, nao katika mkataba ule walijihifadhia haki ya kuwinda na kuvua. Ilibidi wasubiri hadi 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iseme haki hiyo ingali hai. Nalijua hilo kila nikipita kwenye mpaka wangu ulionyooka. Halimwondolei mtu wa Handeni mzigo wa mbwa wake.

Mbuzi wawili wa shangazi yangu waliraruliwa mwaka jana mchana kweupe. Mwenye mbwa anajulikana, nyumba yake inaonekana ukiwa uani kwa shangazi, na alichojibu ni kwamba hao ni mbwa wa kijiji. Shangazi akanyamaza, kwa kuwa ni mjane na hataki maneno. Mimi sitanyamaza. Nakuja Desemba. Nitakwenda naye kwa mwenyekiti, tutakaa barazani, na mwenye mbwa ataitwa aje aseme mbele ya watu wote mbwa wale ni wa nani.