Mafuta ya Alizeti Kwenye Mteremko wa Kolo

Aliyewahi kusafiri na kaka mkubwa wa mkewe anafahamu kwamba ushauri wa shemeji wa namna hiyo haukataliwi hadharani, hasa ikiwa mahari bado haijaisha kulipwa. Kwa hiyo, Shemeji wangu aliposema kwamba likizo ya mwezi wa saba tuitumie kwenda kutembea katika milima ya Irangi, kwa baiskeli na kwa miguu, kutoka Dodoma mjini hadi kwenye michoro ya miambani ya Kolo, niliitikia kwa furaha, kisha nikamtafuta fundi anibadilishie mipira ya breki. Mipira hiyo ilikuwa mipya kabisa, na ninaomba msomaji aikumbuke.

Barabara ya Dodoma hadi Kondoa ni zaidi ya kilomita 150 za lami, nayo haina ubaya wowote. Ubaya ni wa upepo, ambao katika majira hayo huvuma kutoka mashariki mchana kutwa, ukimsogeza mwendesha baiskeli anayeelekea kaskazini kutoka kwenye lami hadi kwenye miiba ya migunga. Tuliziba pancha chini ya mibuyu mingi sana, na chini ya kila mbuyu Shemeji alinieleza namna bora ya kuziba pancha huku mimi nikiziba.

Tulipoingia Kondoa, mnyororo wa baiskeli yangu ulikuwa umeshiba vumbi, ukawa unalia kila nilipokanyaga pedali. Nilitaka niombe oili chafu kwa vijana wa bodaboda, kama ifanyavyo dunia nzima, lakini Shemeji alikataa akisema kwamba oili chafu huharibu suruali. Kando ya barabara kulikuwa na chupa za mafuta ya alizeti zilizopangwa juu ya meza, kwa kuwa mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yametoka mashambani. Akanunua chupa moja. “Mafuta ni mafuta, shemeji,” akasema.

Alfajiri, nikiwa bado nimelala, aliigeuza baiskeli yangu magurudumu juu, akaumiminia mnyororo kwa ukarimu ambao sijapata kuuona katika mambo mengine yanayomhusu, kisha akazungusha pedali kwa nguvu ili mafuta yasambae. Yalisambaa kweli. Asubuhi baiskeli haikutoa sauti yoyote, nami nilimshukuru.

Kutoka Kolo kwenda kwenye michoro ni kupanda, na anayepanda hashiki breki. Tulijiandikisha katika ofisi ya Mambo ya Kale, tukapewa mwongozaji, tukasukuma baiskeli hadi chini ya kilima, kisha tukakwea kwa miguu. Mwongozaji alitueleza kwamba eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na kwamba wenyeji bado wana mapango ambamo hufanyia matambiko yao. Michoro yenyewe ni ya rangi nyekundu: twiga, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyotuna, baadhi yao wakiwa wamelala hewani bila kushikwa na kitu. Shemeji alimfafanulia mwongozaji maana ya kila mchoro, na mwongozaji, ambaye alikuwa na malezi mazuri, akawa anaitikia tu.

Tukashuka. Mahali ambapo njia inaanza kuinama niliminya breki. Mipira mipya ikaigusa ringi, ikateleza juu yake kwa ulaini wa ajabu, na baiskeli ikaongeza mwendo. Niliminya zaidi, nikasikia harufu ya jikoni. Nilipiga kengele, mbuzi wakapisha, watoto wakashangilia, na kutoka nyuma yangu ikaja sauti ya Shemeji ikinishauri nishike breki. Chini kabisa njia ilikatiza mto wa mchanga, ule wa kiangazi usio na tone la maji juu yake. Gurudumu la mbele likazama, likasimama papo hapo, na mimi nikaendelea na safari nikiwa nimenyooka hewani kama wale watu wa mwambani.

Niliangukia makalio, hatua chache kutoka kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, ambapo akina mama walikuwa wakiteka maji kwa kata. Mzee mmoja mwenye punda alikuwa amekaa kandokando akinitazama. Nikiwa chali, nikamwamkia.

“Marahaba,” akajibu bila kuinuka. “Umeingia shambani kwa babu yangu bila hodi.”

Nikamwambia kwamba ninaona mchanga tu. Akanyoosha fimbo kuelekea milimani, kwenye makorongo mekundu yaliyochanika ubavuni, akasema kwamba shamba lilikuwa kule juu, mvua zikalileta hapa kidogo kidogo. Alikuwapo mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1973, na mwaka 1979, serikali ilipoamuru mifugo yote itolewe ili milima ipone, ni yeye aliyeswaga ng’ombe wa baba yake kuwahamisha. “Kama lingebaki mahali pake,” akasema, “wewe ungeangukia mawe.”

Kisha akaisogelea baiskeli, akapitisha kidole kwenye ringi, akakinusa, akakilamba. Alitafakari kidogo.

“Ni alizeti ya huku huku, nayo ni nzuri,” akatoa uamuzi, kisha akawageukia wale akina mama. “Njooni muone, watu wa Dodoma wanakaanga baiskeli!”

Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini, lakini ndio waliozisugua ringi kwa majivu na mchanga hadi zikakauka. Shemeji alifika baadaye, akiwa ameshika breki zake zilizokuwa kavu kabisa, akamweleza mzee kwamba tatizo lilikuwa uzito wangu.

Jioni, katika nyumba ya wageni, alifungua daftari la matumizi, akaandika bei yote ya mafuta upande wangu, chini ya kichwa cha matengenezo. Yaliyobaki kwenye chupa alimpa mpishi atukaangie mayai. Yeye alikula matatu, mimi nikala moja, nikiwa nimesimama.