Fisi hageuki kwa machozi

Nimesoma makala inayosifu hadithi za watoto ambamo fisi mwizi anaishia kuwa rafiki wa wanyama aliowatesa. Naunga mkono, ila waandishi wengi huharakisha: fisi analia, anaomba msamaha, ukurasa unaofuata yuko karamuni. Mtoto wa miaka 7 haamini. Hadithi ikiwa ya ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria huko Kisumu, fisi amrudishie korongo samaki aina ya ngege aliyemwibia, usiku, bila shahidi, ilhali mwenyewe ana njaa. Kisha mnyama mmoja tu amwamini, tena kwa jambo dogo. Kobe aendelee kumshuku hadi karibu na mwisho. Na tafadhali msimlishe majani! Fisi madoa huwinda, hategemei mizoga tu. Abaki na meno yake, akate nayo wavu uliomnasa kobe.