Mguu wa fundi

Niseme mwenyewe, maana rafiki yangu keshaifikisha habari Jaws Corner, barazani kwa wanywa kahawa, na kule habari haipoi, inatiwa tangawizi. Eti nilianguka uchi mbele ya wanawake ishirini. Muongo mkubwa! Walikuwa saba, na kikoi nilivaa. Kilikuwa wapi wakati ule, hilo suala jengine.

Sakafu ya juu nyumbani kwa bibi, Malindi ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mnaijua: weka gololi mlangoni, inakwenda yenyewe mpaka uvunguni mwa kitanda. Chini yake boriti za mkoko, juu mawe na chokaa. Marehemu ami alipopata pesa akaongeza saruji na marumaru, mzigo juu ya mzigo. Mvua nayo ikipenya ukutani, ncha za boriti zinaozea humo humo zilimochomekwa, na wewe ukitazama katikati unaona mti mzima. Fundi akagonga, akatikisa kichwa: "Kwanza tutie mirunda chini, ishikilie dari, ndiyo tufumue juu, tubadilishe boriti moja moja. Na wewe usikanyage pale ukutani." Akaenda zake kuswali Alasiri.

Mimi nikaona nimpunguzie kazi, ning'oe marumaru. (Mshaanza kucheka? Subirini.) Chini shangazi kakaa na wageni, wamekuja kumposa mdogo wangu. Nilimsihi awaweke ukumbi wa nyuma, akasema makochi mazuri yako huku.

Marumaru ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikaitikia kwa mlio kama mtu anavunja muwa, chokaa ikaanza kumiminika, na huko chini nikasikia, "Astaghafirullah, vumbi gani hili?" Mwenye akili angeondoka. Mimi nikasogea nichungulie.

Mguu wa kulia ukaenda. Wallahi haukuanguka, ulikwenda kwa adabu: kisigino, kifundo, goti, paja, mpaka boriti mbili zikanibana nikakaa kitako. Kikoi kikagoma kushuka, kikabaki juu na mimi. Chini kimya. Nikasikia upepo wa feni kwenye ugoko. Sauti ya bibi mmoja, taratibu kabisa, ikauliza:

"Huyu naye ni wa hapa hapa?"

Shangazi yangu, damu ya baba yangu, akajibu, "Hapana, huyo fundi."

Nikachezesha vidole, wajue nipo hai. Hapo ndipo sinia la kahawa lilipokwenda chini na mayowe yakafika Darajani. Halua, nimeambiwa, ililiwa na chokaa yake.

Fundi akarudi, ngazi ikaja, nikachomolewa. Mirunda imetiwa, kibali cha Mji Mkongwe kimetoka, boriti mpya zinaingia na juu inarudi chokaa, saruji hapana tena. Posa imekubaliwa. Ila wakwe mpaka leo wananiita fundi, shangazi hawasahihishi, na yule bibi kashatuma mtu: Ijumaa nikamtazamie dari lake.