Siku ya vyakula vya asili kazini: karatasi ya mezani iandikwe nini?

Ofisi ya Arusha yenye watu wa kila kona ya nchi haikosi mtu wa kupendekeza siku ya vyakula vya asili: kila kabila lilete sufuria lake, watu waonje. Wazo ni zuri, ila lina kasoro mbili, na moja tu ndiyo ya jikoni.

Wanaolipinga wana hoja nzito. Sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na tangu hapo kabila halikupewa tena nafasi kwenye sensa. Leo ofisa utumishi anabandika "Wachaga", "Wameru", "Wapare" juu ya meza. Aliyezaliwa na baba Mpare na mama Mmeru asimame wapi? Tena Wachaga sita watachangia sufuria moja la mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, huku Mmakonde aliye peke yake akilazimika kulisha watu arobaini.

Upande wa pili nao una lake. Utani wa Wachaga na Wapare hunoga panapokuwa na chakula, na kijana wa Dodoma hatajua kwamba mtori ni chakula cha mama aliyejifungua mpaka akae na anayejua kuupika. Semina haifanyi kazi hiyo.

Kwa maoni yetu siku hiyo ibaki, karatasi ndizo zibadilike. Ziandikwe jina la chakula, vilivyomo na aliyepika: "Makande: mahindi, maharage, nazi, hayana karanga." Anayedhurika na karanga anasalimika, na hakuna anayeulizwa kwao ni wapi. Anayetaka kueleza kwao ataeleza mwenyewe, tena kwa raha.

Kipimo ndicho hukosewa sana. Kila mpishi hupikia ofisi nzima, jioni nusu inamwagwa. Watu 40 wakila gramu 600 kila mmoja ni kilo 24 za chakula kilichoiva. Kukiwa na masufuria sita, kila moja kilo nne, basi. Kwa pilau, mchele kilo moja na nusu pamoja na nyama yake unatosha. Kwa mtori, nunua ndizi mshare kilo nne hivi, maana maganda yanachukua zaidi ya theluthi, na nyama ya mifupa kilo moja.

Hatari kubwa iko kwenye mtori huohuo. Ukipikwa usiku na kuachwa kwenye sufuria, uzito wake unazuia joto kutoka; katikati hubaki vuguvugu mpaka asubuhi, na vijidudu vya nyama ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka huzaliana humo. Upikwe alfajiri, au ugawanywe kwenye vyombo vya kina kisichozidi sentimita tano uingie kwenye friji. Kuupasha kunataka maji ya moto kidogo na mwiko usiotulia, la sivyo chini unaungua na katikati bado wa baridi. Wali ni mbaya zaidi: sumu ikishajitengeneza, kuupasha hakuiondoi. Mezani, chakula kisichokaa kwenye joto la nyuzi 60 au zaidi kisizidi saa mbili.

Kitimoto kisiletwe. Waislamu na Wasabato hawali, na kukitenga hakutoshi, kwa sababu upawa hauna mpaka. Mtu akisahau mara moja, meza nzima imeharibika. Mbege, pombe ya ndizi, nayo isubiri nje ya saa za kazi, hasa penye madereva wa watalii.

Halafu kuna suala la nani anapika. Mara nyingi ni akina mama, kwa gesi yao na fedha yao, kisha saa mbili wanatakiwa wawe dawatini. Ofisi itoe fedha ya soko siku tatu kabla, na mpishi asipangiwe kazi asubuhi hiyo. Isiyoweza hayo mawili iagize chakula kwa mama lishe.