Greaves: bamba la ugokoni au kichaka cha kijijini?

Tarehe 20 Julai 1966, katika Kombe la Dunia la soka uwanjani Wembley, meno ya njumu za Joseph Bonnel wa Ufaransa yalimparura mshambuliaji wa England, Jimmy Greaves, ugokoni. Jeraha likashonwa nyuzi 14. Robo fainali dhidi ya Argentina ikampita, Geoff Hurst akaingia mahali pake na kufunga bao pekee la mchezo, na siku ya fainali Hurst huyohuyo akafunga matatu. Greaves, aliyemaliza maisha yake ya timu ya taifa ya England na mabao 44 katika mechi 57, aliitazama fainali akiwa nje ya uwanja.

Katika Kiingereza, greaves ni mabamba ya chuma yaliyofungwa ugokoni wakati wa vita. Kwa hiyo mtu aliyeitwa kwa jina la kinga ya ugoko aliponzwa na ugoko wake mwenyewe. Sadfa kama hiyo haisahauliki, na ndiyo maana wengi hawaulizi zaidi: wanapokea tu kwamba mwanzo wa ukoo wa Greaves ni fundi aliyefua mabamba hayo, au askari aliyeyavaa. Kwa maoni yangu asili hiyo si ya kweli kwa sehemu kubwa kabisa ya wenye jina hili. Hata hivyo wanaoitetea wana hoja, na hoja zao hazijibiki kwa kutikisa kichwa.

Tukitazame kwanza kitu chenyewe, maana nusu ya jibu imo humo.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana nacho katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, pale Goliathi anapotoka na chepeo, darii na mabamba ya shaba miguuni. Wagiriki wa kale nao walikuwa nacho: kipande kimoja cha shaba nyeusi, chembamba, kilichopindwa kufuata umbo la mguu. Kilitanuliwa kwa mikono, kikavishwa, kisha kikaubana mguu kwa nguvu ya shaba yenyewe kujirudi. Mashujaa wa Homer, mshairi wao, wanasifiwa tena na tena kwa uzuri wa kinga hizo za miguu.

Ulaya ya Enzi za Kati ilipita njia nyingine. Kwanza mguu ulivikwa soksi ndefu ya pete za chuma zilizosukwa, iliyoitwa chausses kwa Kifaransa. Pete zinazuia makali ya upanga, lakini hazizuii pigo. Ugoko hauna nyama mbele, na rungu likitua hapo mfupa unavunjika ndani ya pete zilizobaki nzima. Katika karne ya 13 likaongezwa bamba la mbele tu, likafungwa kwa kanda juu ya pete. Karne ya 14 ikaleta bamba la nyuma pia. Vipande viwili, bawaba upande wa nje, kanda na bizimu upande wa ndani, mguu ukafungiwa kama kitu kilichowekwa ndani ya ala yake.

Ufuaji wake ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu mguu si bomba. Fundi anahitaji vipimo visivyopungua vinne: mzunguko chini ya goti, mzunguko wa shavu la mguu pale linapojaa, mzunguko wa pale pembamba juu ya kifundo, na urefu kati ya hapo na goti. Kisha bati la unene wa kama milimita 1 hadi 2 linafuliwa ili shavu lipate nafasi yake nyuma, na ukingo wa chini upinde kukwepa mfupa wa kifundo. Uzito wa bamba unakaa juu ya shavu la mguu na pale pembamba chini yake. Pakilegea hapo, bamba linashuka, na kila hatua ukingo wake unagonga juu ya unyayo mpaka ngozi itoke. Likibana shavuni, linakuwa sawa mtu akisimama na halivumiliki akitembea, maana misuli hutanuka ikifanya kazi. Kujaza nguo ndani hakuponyi kosa hilo. Nguo husinyaa na bamba hurudi kucheza. Ndiyo maana bamba la mtu mmoja halimkai mwingine vizuri, na ndiyo maana lilikuwa ghali.

Lilikuwa zito pia, na uzito wa mguuni si sawa na wa kifuani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwaweka watu waliovaa deraya kamili, yaani mavazi ya chuma ya vita, juu ya mashine ya kutembelea na kutoa matokeo yao mwaka 2011: kutembea kulitumia nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida, na mzigo wa miguuni ulikuwa na sehemu kubwa katika hilo, kwa kuwa mguu lazima uinuliwe na kusukumwa mbele kila hatua.

Kwa hiyo tunazungumzia kifaa cha gharama, cha kupimwa, cha watu wachache wenye farasi. Tukiweke hicho akilini.

Wanaoshikilia deraya wana hoja tatu ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni ya wakati. Neno greve kwa maana ya bamba la ugoko liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, ambako lilikuwa na maana ya ugoko wenyewe. (Kuna waliolihusisha na jawrab ya Kiarabu, yaani soksi, lakini asili yake haijakubaliwa na wote.) Kufikia karne ya 14 linaonekana katika maandishi ya Kiingereza, na huo ni wakati uleule ambao lakabu za watu wa kawaida Uingereza zilikuwa zikigeuka majina ya kurithiwa. Wakati unalingana.

Ya pili: mavazi ya miguu yalizaa majina kweli. Robert, mwana mkubwa wa William Mshindi, mfalme aliyeiteka England mwaka 1066, alijulikana kama Curthose, yaani mwenye soksi fupi. Na mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alibeba jina linalotokana na mtengenezaji wa chausses, zilezile nguo za miguu, ziwe za kitambaa, ngozi au pete za chuma. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo London. Jina lilikuwa limekwisha kuachana na kazi iliyolizaa, kama majina ya ukoo yafanyavyo.

Ya tatu: kazi za zana za vita zimeacha majina mengi. Frobisher ni msuguaji wa silaha na deraya. Spurrier ni mfua spaa, vyuma vya kisiginoni vya wapanda farasi. Lorimer ni mtengenezaji wa lijamu. Kama hao walipata ukoo, kwa nini mfua mabamba ya ugoko akose?

Hapo ndipo hoja ya tatu inapojikwaa. Tazama miisho ya majina hayo. Fundi anaitwa kwa kitendo chake, na Kiingereza kinaonyesha hivyo kwa kiambishi cha mtendaji mwishoni, kama Kiswahili kinavyosema mfua, mshona, mchonga. Jina la mfua greaves lingetarajiwa kuishia hivyo. Greaves haliishii hivyo; linaishia kwa s, mwisho unaofanana na wa Woods, Brooks na Banks, yaani watu wa misituni, vijitoni na kingoni.

Na Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno jingine, græfe, kichaka au kijisitu, ambalo Enzi za Kati liliandikwa greve. Maneno mawili, asili mbili, tahajia moja. Hilo halihitaji kukisiwa, limo katika shairi moja. Shairi la Sir Gawain and the Green Knight, la mwisho wa karne ya 14, linaeleza shujaa akivishwa deraya kuanzia chini: viatu vya chuma kwanza, kisha greves za chuma miguuni, kisha vikombe vya magoti vilivyong'arishwa, kisha mabamba ya mapaja yaliyofungwa kwa kanda za ngozi. Mpangilio huo ni sahihi kifundi, kwa sababu ukishafunga kiwiliwili kuinama kunakuwa shida. Baadaye, katika shairi lilelile, mbweha anayewindwa anakata kona na kujificha kupitia greve baada ya greve, na hapo maana ni vichaka. Mshairi mmoja alitumia sauti moja kwa vitu viwili bila wasiwasi, na lahaja yake ni ya kaskazini-magharibi ya nchi ya kati ya Uingereza, jirani kabisa na Derbyshire, Lancashire na Yorkshire ya kusini, ambako jina Greaves limejaa.

Chaucer, mtu wa London, naye anatumia greves kwa vichaka: jua linakausha matone ya fedha yaliyoning'inia majanini. Alipotaka mabamba ya miguu aliandika jambeux, tena ya ngozi iliyochemshwa. Mwenye jina la nguo za miguu aliposema greves alikuwa anaona miti.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwangu ni Hargreaves. James Hargreaves wa Lancashire anakumbukwa kwa mashine ya kusokota nyuzi ya miaka ya 1760. Sehemu ya kwanza ya jina lake ni sungura, au rangi ya kijivu, wataalamu wanatofautiana. Kichaka cha sungura kinaeleweka, kichaka cha kijivu kinaeleweka. Bamba la ugoko la sungura ni nini? Ongeza Ramsgreave, kijiji karibu na Blackburn, na Greaves, mtaa wa mji wa Lancaster. Sehemu zinaitwa hivyo, na watu waliitwa kwa sehemu. Hati za zamani huandika jina hili likitanguliwa na de la, del au atte, yaani "wa" na "penye". Ni sawa na sisi tunaposema Ali wa Mwembeni, au nisba ya al-Barawi kwa mtu wa Barawa. Hakuna anayeitwa "wa penye bamba la ugoko".

Sasa turudi kwenye gharama. Lakabu hukaa kwa mtu pale inapomtofautisha na wenzake. Mkulima wa Derbyshire hakuwa na mabamba hayo, na bwana aliyekuwa nayo aliyavaa pamoja na mabwana wenzake wote, tena akiwa na jina la shamba lake tayari. Soksi fupi za Robert zilimtofautisha; bamba la ugoko halikumtofautisha mtu na yeyote. Wapo wanaotaja Sheffield, mji wa chuma ulio katikati ya eneo la akina Greaves. Lakini Sheffield ya Enzi za Kati ilisifika kwa visu. Deraya nzuri zilitoka mbali: Henry Bolingbroke, aliyekuja kuwa mfalme Henry IV, alipojiandaa kwa pambano la mwaka 1398 alitafuta zake Milan.

Sisemi msitu umechukua kila kitu. Kaskazini na Scotland kulikuwa na neno jingine tena, la msimamizi wa shamba, yule ambaye mashamba ya pwani yetu yangemwita nokoa. Limezaa Grieve, limeingia katika Graves, na baadhi ya akina Greaves huenda wametoka huko, maana makarani waliandika walivyosikia. Ukoo mmoja unaweza kuwa wa kichaka na mwingine wa nokoa, na leo wote wakaandikwa herufi zilezile. Mshindani halisi wa kichaka ni huyu nokoa, wala si deraya.

Kwa anayetaka kuupima ukoo mmoja mahususi, kazi hufanywa kwa kurudi nyuma bila kuruka. Usajili wa vizazi wa England na Wales unaanza Julai 1837. Kabla ya hapo kuna rejesta za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538, ingawa parokia nyingi zimepoteza za mwanzo. Nyuma zaidi kuna orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Zile za 1379 za magharibi ya Yorkshire zimehifadhiwa vizuri. Tafuta Greve, Greave, Greeves, Grieves na Graves kwa pamoja, na usiunganishe watu wawili kwa sababu tu majina na kijiji vinafanana. Mtoto aliyefariki na mpwa aliyepewa jina lake ndio wanaowapoteza wengi. Ukifika kwenye jina la zamani kabisa, tazama kilicho mbele yake, kisha ramani: kuna Greave ndani ya kilomita chache?

Nembo za ukoo usizitegemee. Familia ya Lucy ilibeba samaki watatu kwenye ngao kwa sababu jina lilifanana na jina la samaki huyo, ilhali limetoka mahali Normandy. Hata ikiletwa ngao yenye mguu wa chuma, itaonyesha tu kwamba aliyeichagua alisikia deraya ndani ya jina lake, kama tunavyoisikia sisi.

Kinachoweza kunibadilisha ni hati ya karne ya 13 au 14 inayomtaja mtu kwa bamba lenyewe, kama makarani wa Kilatini walivyoandika cum barba kwa mwenye ndevu, pamoja na watoto wake wakilirithi jina. Ikipatikana, ukoo huo mmoja utakuwa wa deraya kwa haki. Hautawatoa akina Hargreaves kichakani.