Gari ya zamani ikishika moto, ni umri wake au mkono wa fundi umeme?

Gari ikiungua barabarani neno linalosikika ni moja tu, shoti, afu stori inaishia hapo. Sawa, shoti, lakini imetoka wapi? Hapo ndo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema tunaletewa mikweche ambayo waya zake zilishachoka ikiwa bado Japani, sasa unategemea nini, na kuna wanaosema gari haina kosa, kosa ni la fundi umeme wa chini ya mwembe na sisi tunaompa kazi. Mi nimeegemea kwa hawa wa pili, ila wale wa kwanza nao wana hoja huwezi kuziruka hivi hivi.

Plastiki inayofunika waya haidumu milele. Kwenye injini joto linapanda na kushuka kila siku, miaka inapita, plastiki inakauka mpaka ukikunja waya inapasuka kama ganda la karanga, shaba ikibaki wazi ikagusa bodi ya gari ndo hiyo shoti yenyewe. Weka na panya kama gari inalala nje. Halafu kuna hii ya soketi zilizopata kutu au kulegea, mi ndo inayonitisha zaidi, kwa sababu umeme unapita kwa shida pale penye kutu na panachemka taratibu huku fyuzi haijui kitu, yenyewe inakata umeme ukizidi na hapa haujazidi, ni uleule wa siku zote. Kwa hiyo unaweza kuwa na gari ambayo fundi hajawahi kuigusa, fyuzi zote sahihi, na bado ukasikia harufu.

Na kiwanda nacho si malaika. Ford kule Marekani waliita magari zaidi ya milioni 14 yarudishwe kurekebishwa, kwa awamu, mpaka mwaka 2009, kisa kiswichi kidogo cha kuzima cruise control (ile inayoshikilia spidi bila kukanyaga mafuta) ukikanyaga breki. Kilikuwa na umeme muda wote, hata gari imezimwa na ufunguo uko mfukoni, mafuta ya breki yakipenya ndani kinaweza kuwaka, na ndo maana kuna magari yaliungua yakiwa yamepaki nyumbani mwenyewe kalala. Fundi wa mtaani hapo unamlaumu kwa lipi?

Sasa wenye hoja ya umri wakishafika hapo wanakuja na dawa: serikali izuie magari ya zamani. Kenya hawaruhusu kuingiza gari ya zaidi ya miaka 8, Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka 15, Tanzania hatuzuii ila kuna ushuru wa uchakavu, gari ikiwa na umri mkubwa unalipa zaidi. Mi naona wanapima umri mlangoni tu. Gari iliyoshuka Mombasa ina miaka 7 itaendeshwa na wenye nayo wanne watano, itafika miaka 20 iko palepale barabarani, na katikati hapo imefungwa alamu, redio kubwa, kamera, taa za urembo, kila kitu na fundi wake, kila fundi na waya wake.

Yangu ni Toyota Ist ya 2003. Kuna siku natoka Mbagala nikasikia harufu kama mfuko wa plastiki umeangukia kwenye mkaa, nikasogea pembeni, nikazima, nikachomoa betri (spana namba 10 inakaa kwenye mfuko wa mlango tangu siku hiyo). Kufungua kile kifuniko chini ya usukani nakuta waya wa taa ndogo umemenywa katikati, waya mwingine umesokotwa juu yake kwa mkono, hakuna solda, umezungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeyeyuka inanata kama asali. Ulikuwa wa spotilaiti. Nikaenda kwenye boksi la fyuzi, mfuniko unasema pale inakaa ya amp 10 (amp ni kipimo cha umeme unaopita), nyekundu, mi nakuta ya kijani, 30.

Piga hesabu mwenyewe. Spotilaiti ya wati 100 gawa kwa volti 12 inakula amp 8 na kidogo, ziko mbili, karibu 17, na huo waya ni mwembamba, umetengenezwa kubeba vitaa vya pembeni. Fyuzi ya 10 ilikata kama ilivyotakiwa. Fundi akaweka ya 30, taa zikawaka vizuri kabisa, kuanzia siku hiyo kitu cha kwanza kuungua ni waya. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda taa, hapana, inalinda waya. Na ile ya kusema volti 12 haina madhara mi huwa nacheka, haikurushi kweli, lakini betri ya gari ikipigwa shoti inamwaga mamia ya amp, waya unakuwa mwekundu kama koili ya jiko la umeme.

Ila sitaki niseme kesi imeisha, maana kuna visa ambavyo kiwanda na fundi wamekutana palepale. Mwaka 2012 Toyota waliita magari milioni 7.4 duniani, Vitz na Ist za miaka fulani zikiwemo, tatizo swichi ya vioo mlangoni kwa dereva, grisi haikupakwa sawasawa kiwandani kwa hiyo swichi inakuwa ngumu ngumu. Toyota wenyewe wakaonya usipulizie mafuta ya dukani humo, swichi inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Sasa nani hapa mtaani swichi ikikwama hajapulizia kitu? Uingereza nako gari aina ya Zafira B za kampuni ya Vauxhall ziliwaka kwenye upande wa feni ya hita, kampuni mwaka 2015 ikasema ni watu wamechezea fyuzi ya joto (inayokata umeme pakichemka sana) kwa kuitengeneza visivyo, ikaita zaidi ya laki 2, mwaka uliofuata ikaziita tena kwa sababu hata zilizokwisha kurekebishwa kuna zilizowaka. Kamati ya bunge iliyochunguza ikailaumu kampuni kwa kuchelewa kuchukua hatua. Yaani hata kule kwenye gereji za vigae, fundi alisingiziwa kidogo.

Kwetu lakini, kabla sijasema gari imezeeka nataka kwanza nione boksi la fyuzi. Ikiwa kila fyuzi iko na namba yake na hakuna waya umesokotwa, hapo nitakubali ni umri. Bado sijaiona gari ya hivyo kwenye gereji ninayoenda.

Na yule fundi wa spotilaiti nilirudi kwake nimevimba, nikamtupia ile ya kijani mezani. Akaniangalia tu. Akanikumbusha aliniambia inatakiwa relei (swichi inayobeba umeme mkubwa badala ya waya mwembamba), waya mnene kutoka betri na fyuzi yake peke yake, elfu 45, mi nikamwambia bro fanya kwa 15 ziwake tu. Nilikuwa nimesahau kabisa.