Mtungi wa Wamoche: uloweshwe au uachwe mkavu?

Mtungi wa Wamoche, watu wa kale wa kaskazini mwa Peru, unaofukuliwa makaburini San José de Moro, bonde la Jequetepeque, hutoka ukiwa umelewa chumvi ya jangwa. Wahifadhi hugawanyika hapo: kuulowesha chumvi itoke, au kuuacha mkavu.

Wanaolowesha wana hoja. Chumvi ya kawaida huyeyuka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi. Ukishuka, huganda kuwa fuwele zinazobandua rangi. Basi huuzamisha mtungi kwenye maji yasiyo na madini na kuyabadilisha, wakipima yanavyopitisha umeme, kwa kuwa chumvi huongeza upitishaji huo, mpaka kipimo kitulie.

Wanaokataa huitwa wazembe, nao ndio wanaoutazama mtungi mzima. Michoro myekundu juu ya weupe ilipakwa kwa udongo kabla ya kuchomwa, hivyo huvumilia maji. Ila wachoraji wengine waliongeza rangi nyeusi ya mimea baada ya kuchoma, wakaiunguza kidogo ishike. Leo mara nyingi imebaki kivuli, na beseni la maji linaweza kuifuta kabla mtu hajagundua kwamba ilikuwepo.

Kisha kuna tumboni. San José de Moro kumefukuliwa mitungi mikubwa mingi ya chicha, pombe ya mahindi, kwa kuwa mazishi yalikuwa na karamu. Chembe za wanga zilizoshikamana na udongo wa ndani ni ushahidi wa karamu hiyo, nazo humwagwa na maji ya kwanza. Anayelazimika kulowesha achote kwanza udongo huo, autie kwenye kichupa chenye namba ya kaburi, na ajaribu rangi kwa pamba iliyoloweshwa kidogo mahali padogo.

Umbo nalo linasumbua. Mirija miwili hupinda ikakutana kwenye mdomo mmoja mwembamba. Hewa hunaswa ndani, na maji hayatoki yote. Mtungi ukikaushwa haraka, maji hutokea upande wa nje yakivuta chumvi iliyosalia hadi chini ya mchoro wenyewe.

Hata ile asilimia 75 hushikwa kama ukuta, na si ukuta: chumvi zikichanganyika, kikomo hushuka. Kinachoua ni unyevu kupanda na kushuka. Kwenye ghala la pwani lisilodhibiti hewa, mtungi ambao rangi yake imeanza kubanduka uimarishwe kwa Paraloid B-72, gundi ya akriliki, kisha uloweshwe. Iliyo mizima itoshelezwe na kasha lisilopitisha hewa, silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu kinachosomwa kila wiki.